Moto Unayeyusha Chuma

Lyse: Haloo, Mama? Haloo—

Concilie: Nani mwenzangu? Namba siijui.

Lyse: Mimi Lyse! Nimebadilisha laini. Shikamoo!

Concilie: Marahaba. Niko kazini, nyumba ya wazee Westmead, barakoa mbili usoni. Umeugua?

Lyse: Wala! Jun amenichumbia!

Concilie: Yesu wangu! Na hii lokdauni, mmekutana wapi?

Lyse: Mimi dirishani kwangu Merrylands, yeye chini, magoti kwenye lami! Majirani wakapiga sufuria. Lakini mama yake kakataa.

Concilie: Kwa kuwa wewe mweusi?

Lyse: Afadhali, hilo ningelijibu! Anasema mimi moto.

Concilie: Moto wa nini tena?

Lyse: Kwa Wachina kila mwaka una kitu chake. Mti, moto, udongo, chuma, maji. Jun ni chuma. Mimi moto. Moto unayeyusha chuma, eti nitammaliza mwanawe.

Concilie: Upuuzi. Sisi tumebatizwa—

Lyse: Sikia basi! Kahesabu kwa tarehe ya kwenye karatasi zangu, Januari mosi, tisini na nane. Mwaka wao unaanza wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo kanitupa mwaka wa nyuma, ule wa moto. Na ile tarehe si ya kweli! Kule kambi ya wakimbizi nani hakuandikwa Januari mosi? Anicet, Nella, hata bibi Fébronie!

Concilie: (anacheka) Karani alichoka kutuuliza.

Lyse: Sasa, kama nilizaliwa baadaye hiyo tisini na nane, mimi ni udongo. Na udongo ndio unaozaa chuma! Atanipokea. Nilizaliwa lini?

Concilie: (anamwaga maji kwenye beseni)

Lyse: Mama? Haloo?

Concilie: Mtandao mbaya.

Lyse: Nakusikia vizuri kabisa! Kila nikiuliza hili, mtandao mbaya! Nitajie mwezi tu. Kiangazi? Mvua?

Concilie: Mvua.

Lyse: Vuli au masika?

Concilie: Lyse, niache nikaogeshe wazee wa watu—

Lyse: Naolewa, Mama! Au siolewi!

Concilie: (anashusha pumzi) Ijumaa Kuu.

Lyse: Ya Pasaka? Aprili? Udongo! Mimi udongo, aleluya! Sasa mbona ulinificha siku nzuri hivyo miaka yote—

Concilie: Asubuhi tulimzika baba yako. Jioni ukaja wewe. Fébronie alikupokea, udongo wa kaburi ungali kwenye kucha zake.

Lyse: Ndiyo maana kila Pasaka unajifungia chumbani.

Concilie: Wananiita huku.

Lyse: Mama, basi. Simwambii mtu. Mama yake Jun abaki na moto wake—

Concilie: Mwambie! Mwambie wewe ni udongo, mama yako alikuwepo. Na Pasaka ijayo— (mtandao unakwaruza)

Lyse: Pasaka ijayo nini? Haloo? Mama!

Concilie: —keki ya kuzaliwa. Uje nayo kwangu Mount Druitt, na huyo chuma wako. Haya, kengele inalia, kwaheri, kwaheri!