Mstari wa Sifuri

Kwenye Noah ya abiria tuliyopanda kwenda Tengeru, mama mmoja aliyevaa sare ya kwaya alimgeukia jirani yake, kijana anayesomea ualimu. “Mwanangu, Jumapili tuna tamasha. Mstari wa kwanza tunasimama watano, wa pili wanane, wa tatu kumi na mmoja. Wa kumi je?”

“Namba ya mstari zidisha mara tatu, jumlisha mbili. Thelathini na wawili.”

Mama alijaribu kila mstari, hesabu ikakubali, akashangilia. “Na mstari wa sifuri?”

“Haupo, mama. Tunaanzia moja.”

“Upo! Hao wawili ni mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda. Si ndio wanaotutangulia?”

Tuliposimama Tengeru, kijana aliyemwambia konda atashukia Ngulelo, kituo tulichokwisha kupita, alikuwa bado anabisha.