Mwimbaji wa Kwanza wa "Funguo Ziko kwa Jirani"

Ndugu, jamaa na marafiki, wakubwa kwa wadogo, familia inawashukuru kwa kufika kwenu na inawaomba mkae vizuri kwenye viti, maana mama yetu, ambaye kwa wengine ni dada, shangazi na bibi, na kwa wasikilizaji wa redio alikuwa Mama Pima, hakuwa mtu wa maneno machache, na kumsimulia kwa haraka haraka kungekuwa kumdhulumu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, chumba chenye kitanda, sanduku la vitambaa na dirisha lililotazamana na ukuta wa jirani. Kule mbele dukani palikuwa na cherehani mbili, na redio juu ya kabati la vifungo, redio mbovu iliyokoroma zaidi kuliko kuimba, hivyo baba aliziba mapengo kwa koo lake mwenyewe huku akikanyaga cherehani, na pale maneno yalipompotea alitia ya kwake, ya suruali na ya wateja wasiokuja kuchukua nguo zao. Marehemu alizijua nyimbo zote za wakati ule kwa kinywa cha baba kabla ya kuzisikia kwa wenyewe, na siku redio ilipotengenezwa ikatoa wimbo mzima bila kukoroma, yule msichana wa miaka sita aliinuka sakafuni alipokuwa akichambua vifungo, akashika kiuno, akasema, "Baba, huyu mtu ameukosea wimbo wako!" Baba alicheka mpaka akajidunga sindano, lakini mama yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, akamwambia, "Mwanangu, huyo ndiye mwenyewe, mkosaji ni baba yako," jambo ambalo marehemu hakulikubali siku ile wala baadaye, na alipenda kusema kwamba ubishi wake wote ulianzia hapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1964, ambako aliongoza kwaya na pia akafukuzwa kwaya, kwa kosa la kubadilisha mwisho wa wimbo mbele ya wageni bila kumwambia mtu, kisha akarudishwa kwa sababu wageni walisifu mwisho ule kuliko yote. Mwaka 1968 alijiunga na chuo cha uhazili, na tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kituo cha redio kuwa mpiga chapa, akapewa meza mwishoni mwa ukumbi wa ghorofa ya tatu, meza ambayo wenzake waliikwepa kwa kuwa ilipakana na chumba cha santuri na kelele zilipenya ukutani mchana kutwa, lakini yeye alisema ndiyo meza bora katika jengo zima.

Jioni, baada ya kazi, aliimba na bendi ya vijana waliofanyia mazoezi katika gereji, na mwaka 1971 wakarekodi wimbo mmoja uliotungwa na mpiga tarumbeta wao, "Funguo Ziko kwa Jirani", unaohusu mke aliyetoka kwenda kutembea akamwachia mumewe ujumbe kwamba funguo ziko kwa jirani na chakula ajipikie. Walipofika ubeti wa pili, kigoda cha mpiga ngoma kilivunjika, mwenyewe akazama nyuma ya ngoma zake, kofia yake ikabaki imening'inia kwenye tuazi, kile kisahani cha shaba cha kugonga, na marehemu, ambaye alikuwa katikati ya mstari, alicheka, akajikaza, akaendelea, na kwa kuwa muda wa studio ulikuwa umekwisha, fundi mitambo aliwaambia kilichotoka kimetoka. Santuri ilitoka na jina la bendi tu, bila jina la mwimbaji, ikapigwa siku chache, ikasahaulika, mpiga tarumbeta akahamishwa kikazi, bendi ikavunjika, na marehemu akarudi kwenye mashine yake ya chapa akiamini kwamba kicheko chake ndicho kilichouua wimbo ule.

Ndoa yake ilianzia dukani, si kwa mahaba bali kwa mabishano. Mwaka 1974 aliingia katika duka la santuri akataka wimbo fulani wa zamani uliorudiwa na bendi mpya, na muuzaji, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akamwambia, "Dada, hao wameiga tu, chukua ya mwenyewe." Marehemu alimjibu kwamba mwenyewe aliuimba kama anakimbizwa na mbwa na hawa wapya wameupa nafasi ya kupumua, muuzaji akatoa santuri zote mbili akaziweka moja baada ya nyingine, wateja wengine wakajiunga upande huu na upande ule, na duka lilipofungwa hapakuwa na mshindi. "Njoo kesho tumalize," kijana alisema, naye akajibu, "Nitakuja, na utashindwa," na walifunga ndoa tarehe 7 Desemba mwaka huohuo bila kuwa wamemaliza, na mpaka leo hawajamaliza. Mzee wetu huyo amekaa hapa mbele, na ameomba isemwe wazi kwamba bado anashikilia ya kwanza.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni daktari wa meno, kijana wa pili ambaye ni seremala, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu wa hesabu na hana sikio la muziki hata kidogo, jambo ambalo marehemu alilipokea kwa moyo mkunjufu, akisema nyumba inahitaji mtu mmoja wa kulala wakati wengine wanabishana.

Mwaka 1978, akiwa amealikwa kwenye arusi ya mfanyakazi mwenzake, marehemu alisikia wimbo wake ukipigwa kwa sauti ya mtu mwingine, taratibu zaidi, wenye kinanda na magitaa mawili yanayojibizana, ukiimbwa na mwanamama aliyekuja kujulikana kila mahali kwa jina la Chiriku, na ulipofika ubeti wa pili, mahali palepale, katika neno lilelile, Chiriku akacheka. Marehemu aliweka sahani chini akatoka nje, na mumewe alipomfuata alimkuta amesimama kati ya magari. "Ananicheka," alisema, "huyu mtu amekwenda mpaka studio kunicheka." Kuanzia hapo ikawa mateso, kwa sababu wimbo ulishika moto, na kila ulipopigwa watu walicheka wote kwa pamoja katika ubeti wa pili, maharusi, makondakta, wasichana wa shule wakitoka darasani, na marehemu alikuwa akiondoka arusini kabla ya keki kwa visingizio ambavyo familia ilivizoea, mara kichwa, mara viatu, mara amesahau pasi kwenye moto. Mumewe aliuza santuri ile mpaka ikamwishia mara kadhaa, lakini hakuthubutu kuileta nyumbani.

Mwaka 1983 mkuu wa vipindi alimkuta ukumbini akigombana na mtunza santuri juu ya wimbo upi umempiku mwenzake, akasimama kusikiliza, akachelewa mkutano, na kesho yake akampa saa nzima ya Jumamosi asubuhi. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha "Pima Mwenyewe", ambacho wengi wenu mlikisikiliza mkiwa mnafua, mnapika au mnaosha gari, kipindi ambacho wimbo ulipigwa kwanza kama ulivyorekodiwa na mwenyewe, kisha kama ulivyorudiwa, halafu simu zikafunguliwa. Marehemu hakuruhusu mtu aseme cha zamani ni bora kwa kuwa ni cha zamani, wala cha sasa kwa kuwa ni cha sasa. Aliwafundisha watu kusikiliza pale mwimbaji anapovuta pumzi, na kile anachofanya mpiga gitaa wakati hakuna anayeimba, na kwa kuwa alikuwa binti wa fundi alisema kuurudia wimbo ni kama kumpunguzia mdogo mtu nguo ya dada yake, ukikata bila kupima mabega utamwaibisha mtoto na nguo utakuwa umeiharibu.

Miaka ikapita, na wasikilizaji wakawa wanauomba "Funguo Ziko kwa Jirani", naye akawa na majibu yake, santuri ina mkwaruzo, santuri imeazimwa, wiki ijayo tukijaaliwa, mpaka Jumamosi moja mwaka 1991 mama mmoja mwenye mgahawa alipopiga simu akasema hewani, "Mama Pima, nyimbo zote umetupimia, huu wetu unauficha kwa nini, una ugomvi nao?" Marehemu alirudi nyumbani mchana akakaa bila kuvua viatu, na mumewe akamwambia kwa upole, "Mke wangu, watu wote umewafundisha kupima, lakini wewe huu hujausikiliza mpaka mwisho hata siku moja." Ilikuwa kweli, kwa maana kila mara aliondoka kwenye kicheko. Mzee akaenda dukani akarudi na santuri, akaiweka, wakakaa wawili sebuleni, na kwa mara ya kwanza marehemu akasikia kilichofuata baada ya kicheko, jinsi Chiriku alivyoishusha sauti katika ubeti wa mwisho, kiasi kwamba mke yule wa kwenye wimbo hakuonekana tena mtu aliyekimbia nyumba yake, bali mtu aliyekwenda kujifurahisha na ambaye atarudi akiwa na hadithi. Wimbo ulipokwisha aliinuka, akarudisha sindano mwanzo.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1991 Chiriku, kwa mwaliko wa marehemu, alifika studioni akiwa amevaa kama anayekwenda jukwaani, hajui kabisa anakutana na nani. Zikapigwa santuri zote mbili, ya kwanza kisha ya pili, na kabla ya kufungua simu marehemu akasema, "Wasikilizaji, ile sauti ya kwanza ni yangu." Chiriku akapiga kelele ambayo fundi mitambo alidhani ni hitilafu. "Ni wewe? Nimekutafuta miaka yote hii! Bendi imevunjika, jina halipo, nikaambiwa huenda umekufa!" Marehemu akamwuliza jambo moja lililokuwa limemkaa rohoni, kwa nini alimcheka, na Chiriku akashangaa, akasema, "Nikucheke? Mimi nilidhani kicheko ni sehemu ya wimbo! Nilidhani yule mke anamcheka mumewe aliyefungiwa nje, nikasema huyu mwimbaji ana akili, nikafanya mazoezi ya kicheko chako mbele ya kioo mpaka mama yangu akaogopa." Ndipo marehemu alipomweleza habari ya kigoda, na mpiga ngoma, na kofia juu ya tuazi, na wote wawili wakashindwa kuongea, wakawa wanacheka hewani huku simu zote zikiwaka taa. Ilipofika zamu ya kupima, marehemu akampa ushindi Chiriku, kwa ajili ya ubeti wa mwisho, Chiriku akakataa katakata, akampa marehemu, kwa ajili ya ubeti wa pili, wakabishana mpaka muda wa taarifa ya habari ukapita, na msomaji aliposhika kipaza sauti alisoma habari za mvua na barabara kama mtu anayefinywa.

Tangu siku hiyo walikuwa ndugu. Marehemu alianza kukaa kwenye arusi mpaka viti vinakusanywa, na binti yake wa kwanza alipoolewa mwaka 2001, waliuimba wimbo ule pamoja, kila mmoja akijaribu kumwachia mwenzake nafasi, matokeo yake kukawa na mistari ambayo hakuna aliyeiimba. Alistaafu mwaka 2009, lakini kituo kilimwachia kipindi chake, naye alikiendesha mpaka mwaka 2022, afya ilipoanza kumpa taabu.

Madaktari waligundua kwamba moyo wake umedhoofika, akawa anaingia hospitali na kutoka, na kila alipolazwa aliigawa wodi katika pande mbili, akiwasikilizisha wagonjwa na wauguzi nyimbo kwa simu ya mjukuu wake na kudai kura. Tarehe 28 Agosti 2024 alilazwa kwa mara ya mwisho, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 10 Septemba, mumewe akiwa amemshika mkono, binti yake kichwani pake na Chiriku miguuni, baada ya kunywa uji na kusema ulikuwa na sukari kidogo mno, alifumba macho, na hakuyafumbua tena. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hata wale aliowaita wasiojua kusikiliza, inawashukuru majirani waliopokezana kupika na kukesha nasi, inamshukuru Chiriku, ambaye tangu msiba utokee hajalala kwake. Kipekee inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo cha redio, ambao Jumamosi hii, ilipofika saa yake, hawakupiga santuri yoyote, walifungua simu tu wakawaacha wasikilizaji wamwimbie, mmoja baada ya mwingine, fundi bomba, muuza mitumba, mama na wanawe wanne, watu wasio na ngoma wala gitaa, kila mtu kwa sauti aliyonayo, na sisi tukiwa tumezunguka redio sebuleni hatukuweza kuamua nani amempiku mwenzake, wala hatukutaka.

Mama yetu, umetufurahisha sana. Tuache sisi tuendelee kubishana, wewe sasa pumzika, pumzika kwa amani.