Mathew Nyabuto Nyamongo na Mparachichi wa Darasa la Pili

Anayesoma wasifu huu ni Mose, mdogo wake Mathew, na ndiye aliyeuandika. Mchapishaji wa programu ya mazishi alisema maisha ya mtu yanatosha ukurasa mmoja. Ya Mathew yametoshea kwa shida, na kuna mahali Mose atasoma polepole. Mvumilieni.

Mathew alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Sironga, Nyamira, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Sylvanus Nyamongo na Mama Esnah Nyamoita, ambaye ameketi mbele yetu. Nyumba alimozaliwa sasa ni jiko. Alibatizwa mwaka 1992, na tangu siku hiyo hakuwahi kushika jembe siku ya Sabato, hata mvua ilipokuwa imechelewa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1986. Akiwa darasa la pili aliotesha kokwa la parachichi ndani ya mkebe, akaubeba mkebe hadi shuleni kumwuliza mwalimu mti utazaa lini. Mwalimu alikuwa na watoto hamsini na saba darasani na chai ilikuwa inapoa ofisini. Akamwambia, "Ukimaliza darasa la nane utakula." Mathew aliamini. Aliupanda mche nyuma ya jiko, na Novemba 1993, siku aliyomaliza mtihani, alikimbia nyumbani bila kumsalimu mtu njiani. Akakuta majani matupu. Alilia mpaka Mzee Sylvanus akacheka. Maua ya kwanza yalikuja mwaka 1995, yeye akiwa kidato cha pili bwenini, kwa hiyo hata hayo hakuyaona. Alimaliza shule ya upili mwaka 1997 na kupata diploma ya kilimo mwaka 2000.

Kuanzia 2001 alikuwa na kitalu cha miche ya kupandikiza pale Masimba. Mwaka 2006 alimwoa Damaris Gesare wa Magwagwa, aliyekuwa akiuza matunda sokoni. Siku walipojuana, Mathew alimweleza mbele ya watu kwamba maparachichi yake yamechumwa machanga. Damaris akamjibu, "Nunua ama usimame kando wateja wapite." Mathew akanunua yote. Hadi leo Damaris anashikilia kwamba yalikuwa yamekomaa, na Mathew alikufa akikataa.

Ndipo ugonjwa wa kuoza mizizi ulipoingia. Miparachichi ya Sironga ilikauka shamba baada ya shamba, ya jirani zetu wote, isipokuwa mmoja: ule wa darasa la pili. Mathew aliuzunguka mti ule kwa miaka, akifukua mizizi na kuifukia. Mwaka 2012 aliajiriwa na kituo cha utafiti nje ya mji wa Kisii, na mwaka 2017 wataalamu wa pale walianza kazi ambayo yeye aliisubiri tangu utoto. Ndani ya kila mti kuna jeni inayouambia kwamba wakati wa kutoa maua umefika. Waliiongezea jeni hiyo nguvu, na mche wa parachichi ukachanua baada ya miezi kumi na minne badala ya miaka saba. Mathew alikuwa akibeba chavua ya mti wa nyumbani kwenda kuchavusha miche ile. Nia ilikuwa kuzalisha haraka, kizazi juu ya kizazi, mpaka upatikane mti wenye tunda zuri na mizizi isiyooza. Mwishoni jeni ile ingeachwa nje, na mkulima angepewa mti wa kawaida kabisa. Mathew alilieleza jambo hili mezani mara nyingi. Mose alikuwa akila.

Sheria ilikuwa kali. Ua lolote ambalo halikutakiwa lilikatwa kabla ya kufunguka, na hakuna kilichotoka nje ya nyumba ya wavu iliyofungia miche hiyo. Mradi ukifungwa, kila kitu kilichomo ndani kingeng'olewa na kuchomwa, kiwe kimebadilishwa au la. Wafadhili walijitoa, na Jumatano tarehe 16 Agosti 2023 Mathew mwenyewe ndiye aliyewasha moto. Miche iliyopandikizwa vijiti vya mti wa nyumbani iliungua pamoja na mingine. Alimpigia Damaris simu akamwambia, "Hiyo si shida. Mama yao yuko Sironga. Tutaanza tena."

Siku hiyo hiyo mtu alituma video ya moto ule kwa WhatsApp. Sokoni Magwagwa ilishasemwa kwamba miti ya Mathew inafunga uzazi, na wanunuzi walikuwa wameanza kuyakataa maparachichi ya boma letu. Mose aliiangalia video mara tatu. Akajiambia kwamba kama ya kule inachomwa, basi ilikuwa sumu kweli, na huu wa nyuma ya jiko watakuja kuutafuta na ndugu yake atafungwa. Alhamisi alikodi msumeno wa injini. Mama Esnah alimwambia, "Mose, ngoja mwenye mti aje." Mose hakungoja. Kwa kuwa kwenye video walikuwa wanang'oa, naye aling'oa mpaka mizizi, na kwa kuwa walikuwa wanachoma, akachoma matawi yote. Mti ule haukuwa umebadilishwa chochote. Ulikuwa kokwa la mkebeni.

Mathew alifika Ijumaa alasiri. Alisimama kando ya shimo, kisha akapiga magoti, akatafuta kwenye majivu kijiti kibichi mpaka jua likatua, Sabato ikaingia. Alipata kimoja. Alikipandikiza kwenye mche Jumapili na kikakauka. Mama Esnah alikuwa na makokwa matatu ya mti ule jikoni. Yaliota, lakini kokwa halirithi kila kitu cha mama yake; mvua za mwaka uliofuata zilipokuja mizizi yake ikaoza, yote matatu. Kwa Mose alisema neno moja tu: "Ulinihurumia." Hakulisema kwa hasira, na hilo limemtesa Mose kuliko matusi.

Mei 2024 alianza kushindwa kumeza ugali. Hospitalini Kisii waligundua saratani ya umio. Wako waliosema ni ile miti imemrudia, na baadhi yao wamekuja leo. Daktari alisema haihusiani kabisa. Ugonjwa huu umetuulia watu wengi ambao hawakugusa mti wowote.

Januari mwaka huu alikuwa anameza vitu laini tu. Mose alinunua parachichi Masimba, akaliponda kwa kijiko, akamwinua kichwa. Mathew alionja, akauliza, "Ni ya wapi?" Mose akasema, "Ni ya nyumbani." Mathew alikuwa amelala hatua ishirini kutoka kwenye lile shimo. Alimwangalia Mose, akaitikia kwa kichwa, akameza. Ilimchukua dakika nzima. Kijiko cha pili alishindwa. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mikononi mwa Damaris. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mjane wake, Damaris Gesare; watoto wao, Emily, Andrew na Persis; mama yake mzazi, Esnah Nyamoita; na ndugu yake mmoja, Mose. Mti hakuacha.

Upumzike, Mathew. Lilikuwa la Masimba. Mose alipaswa kukuomba msamaha siku ile, akakudanganya, nawe ukameza.