Salamu Zilizowafukuza Wageni

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na kwako pia wewe uliyekaa karibu na mlango, unayepanga kutoka kabla ya matangazo. Nakuomba univumilie kidogo tu. Ushuhuda wangu unawahusu watu wanaoondoka mapema.

Naitwa Eliwaza, wa jumuiya ya Tegeta. Wengi mnanijua kwa batiki zangu. Hata kile kitambaa cha madhabahuni nimekipika mimi. Wachache ndio wanaojua tulikotoka.

Baba yetu alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Ilipokuja ile miaka ya soko huria kiwanda kikauzwa, nao wakapunguzwa kazi. Kiinua mgongo chake alikinunulia kiwanja Tegeta, wakati ambapo Tegeta ilikuwa bado mihogo na vichaka. Akainua kuta, akaezeka vyumba viwili na sebule, akaugua, akafa. Mama akatulea kwa batiki alizojifunza kwenye umoja wa wanawake. Kisha naye akaugua. Ndugu zangu, ugonjwa wenyewe mnaujua. Siku zile tulikuwa hatuutaji jina, tulikuwa tunasema tu kwamba mtu anaumwa.

Mama alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nyuma yangu kulikuwa na Huruma, mdogo wangu wa kiume, na Nakiete, kitinda mimba, ambaye alikuwa bado analala na kanga ya mama usoni. Tulipoanua matanga, ukoo ukakaa kikao. Mnazijua desturi zetu. Nyumba ikibaki bila wazazi, watoto wanagawanywa kwa ndugu, mmoja huku, mwingine kule, kama vyombo vya marehemu. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyesimama kusema.

"Eliwaza wewe umeshakuwa mtu mzima, utajitafutia. Nakiete nakwenda naye Same. Huruma ataenda kwa shangazi yenu Moshi. Nyumba tutaipangisha."

Nilipiga magoti mbele ya wazee. Nikasema, "Shikamooni wazazi wangu. Shule nimeacha tayari. Batiki naijua. Tuacheni tukae pamoja."

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, na naomba msimfikirie vibaya. Alikuwa na watoto wake wengi na mashamba yaliyokauka. "Krismasi nitakuja mjini," akasema. "Nikikuta wanakula na wanasoma, sawa. Nikikuta vinginevyo, usinililie."

Basi nikaanza kupika nta. Nilichora, nikatia rangi, nikachemsha, nikaanika kwenye uzio. Batiki zilikuwa nzuri, namshukuru Mungu aliyempa mama mkono ule nami nikaurithi. Wanunuzi ndio hawakuwepo. Soko lilikuwa limejaa mitumba na nguo za plastiki kutoka nje. Nilizunguka nazo Kinondoni yote kichwani, nikarudi nazo kichwani. Huruma alikuwa anafukuzwa shule kwa ajili ya ada. Nakiete alijifunza kusema "nimeshiba" kabla hajaulizwa. Ndugu zangu, mtoto mdogo akishaijua sentensi hiyo, mlezi wake anakuwa amekwisha!

Hapo ndipo Bwana alipofungua mlango mdogo. Kulikuwa na mama mmoja Mjerumani aliyewahi kukaa usharikani kwetu, akarudi kwao. Yeye alikuwa mtu wa barua, kompyuta hakuwa nayo. Akaniandikia kwamba ana marafiki wenye maduka ya vitu vya Afrika, ila hawawezi kuagiza bila kuona. Kama ningeweka picha kwenye intaneti, wangetazama hukohuko waliko.

Mimi, mtu wa kidato cha pili, sikuwahi kuigusa kompyuta! Nikaelekezwa Mikocheni, kwa kijana wa kwaya ya vijana aitwaye Method, aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta. Nikamshonea mapazia ya batiki ya nyumba nzima, naye akakubali kunitengenezea tovuti. Picha zikapigwa, zikaingizwa. Kisha Method akanivutia kiti.

"Dada Eliwaza, sasa chagua vikorombwezo."

Hivyo ndivyo tulivyoviita. Nasikia siku hizi vijana mnaviita plagini, viprogramu vidogo vya kubandika kwenye tovuti ili ifanye hili na lile. Kulikuwa na saa inayotembea. Kulikuwa na maua yanayodondoka kutoka juu. Kulikuwa na muziki wa kinanda, na maandishi ya KARIBUNI yanayopita kama gwaride, na kidude cha kuhesabu wageni.

"Vyote hivi vinauzwaje?" nikauliza.

"Bure."

"Bure kabisa?"

"Bure kama mvua, dada."

Ndugu zangu, mwambie yatima neno hilo uone! Nikasema, weka vyote. Method naye alifurahi, maana alitaka kuonyesha ufundi wake.

Lakini haikuwa bure peke yake iliyonivuta. Mnajua tulivyolelewa. Sebule ya mama ilikuwa na vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, kwenye redio, kwenye meza, hata juu ya mtungi. Ukutani maua ya plastiki. Mgeni akiingia aone kwamba ametarajiwa. Na kwetu humwonyeshi mtu bidhaa kabla hujamsalimu, ukamuuliza habari za nyumbani, ukampa maji. Ukianza na biashara, wewe ni mchuuzi wa stendi. Kwa hiyo nikamwambia Method aanze na karibuni, kisha saa, kisha maua, kisha kinanda, kisha historia ya familia yetu yote hadi msiba wa mama, halafu chini kabisa, kwa adabu, batiki.

Tulipoifungua pale kwenye kompyuta yake, ilipendeza mno! Method akapiga makofi. Mimi nikalia. Nikawaza, Krismasi baba mkubwa atakuja na kukuta watu wa Ulaya wanabisha hodi.

Nikasubiri. Kila wiki nilikwenda Mikocheni kwa miguu kutazama kile kidude cha kuhesabu. Kilikuwa kinapanda! Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikamwambia Huruma, "Wanakuja, mdogo wangu, wamejaa." Nikafunga na kuomba. Maagizo hayakuja. Nikafunga tena. Kidude kikapanda tena, na maagizo hayakuja. Nilianza kuamini kwamba watu wanaziona batiki za mama na kuzidharau. Hilo liliniuma kuliko njaa. Usharika mzima uliniombea, na mimi nilikuwa nimeshaanza kusema amina ya mdomo. Nilikuwa nakaa mbele ya sufuria ya nta, moto umezimika, sijui nimekaa tangu saa ngapi. Sikumwomba Mungu anisaidie tena. Niliomba Krismasi isifike.

Ikafika. Baba mkubwa akaja na begi lake la ngozi. Akamkuta Huruma amefunga mwaka akiwa nyumbani kwa kukosa ada, akafunua sufuria ya chakula akaona kilichomo, akaifunika taratibu. Sikuwa na la kujitetea isipokuwa tovuti. Nikamwomba aje aione kazi ninayoifanya, na wadogo zangu wakaja pia, wamevaa nguo za kanisani.

Kompyuta ya Method siku hiyo ilikuwa na mteja. Tukakaa kwenye nyingine ya pembeni, ambayo hatukuwahi kuitumia kwa kazi yetu. Method akaandika anwani.

Hakuna kitu kilichotokea. Kioo kilikuwa cheupe. Baada ya muda mrefu ikatokea saa. Tukasubiri. Likatokea ua moja, likaning'inia juu, halidondoki. Maandishi yakatokea, KARI, yakakwama hapo. Kinanda kikatoa sauti moja ya kukwaruza, kisha mashine ikaganda yote.

"Vumilia kidogo, baba mkubwa," nikasema.

"Navumilia. Ndiyo hii?"

"Batiki ziko chini."

"Chini wapi? Mimi nimeiona saa." Akakunja mkono wa shati. "Saa ninayo."

Watu chumbani wakacheka. Method hakucheka. Alikuwa amejishika kichwa. Akaninong'oneza kwamba kompyuta yake ilikuwa imeshavihifadhi vile vikorombwezo vyote tangu siku tulipoviweka, ndiyo maana kwetu tovuti ilifunguka upesi. Wageni wote huko nje, wenye intaneti ya polepole ya laini za simu, waliona hiki tunachokiona sasa. Nikamuuliza, "Na wale waliohesabiwa je?" Akasema wengi wao walikuwa mimi na yeye. Kila tulipofungua kutazama kama wageni wamekuja, tulihesabiwa wageni sisi.

Ndugu zangu, nimezika baba, nimezika mama. Lakini sakafu iliyonitoka miguuni siku ile ilikuwa nyingine. Nakiete akamvuta baba mkubwa shati, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Tuondoke, hapa hawafungui." Na kesho yake akaondoka kweli, kwenda Same na baba mkubwa.

"Huruma abaki muhula mmoja," baba mkubwa akasema. "Pasaka nitarudi kumchukua. Mwanangu, sikuchukii."

"Najua, baba mkubwa."

Nilikuwa nafungasha vitu vya Nakiete na sikuwa na begi. Nikaanza kukusanya vitambaa vya mama nimfungie humo, akue na kitu alichokishika mama. Nikavitoa kwenye viti, kwenye redio, kwenye meza. Nikashusha maua ya plastiki ukutani. Nakiete akaondoka na furushi lake, hakulia, na hilo ndilo liliniua. Niliporudi ndani nikaanguka sakafuni. Sikuomba, nasema kweli mbele zenu. Nilisema tu, "Bwana, wewe siyo wa kwetu."

Nikainua uso. Ukutani, pale maua yalipokuwa, palikuwa na batiki ya mama. Ya kwanza aliyoipika, ya bluu, wanawake wanatoka kuteka maji. Ilikuwepo miaka yote. Tulikuwa tumeifunika kwa mapambo kiasi kwamba hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba ipo. Sebule ilikuwa tupu kama nyumba iliyoibiwa, na ile batiki ilikuwa imeijaza yote!

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sitaki kuongeza chumvi katika nyumba ya Bwana. Ila moyo wangu, uliokuwa umekufa tangu asubuhi, ulijua la kufanya. Nikanawa uso nikatembea hadi Mikocheni.

"Toa," nikamwambia Method.

"Nitoe nini?"

"Saa."

Akatoa. "Maua?"

"Toa. Kinanda toa. Toa na kihesabio."

"Dada, hata karibuni?"

Hapo nilisita. Mkono wa mama ulikuwa ndani ya karibuni ile. "Iache neno moja," nikasema, "isitembee. Na historia yetu iondoe. Atakayetaka kujua tumefiwa atauliza."

Zikabaki picha za batiki, juu kabisa, na jinsi ya kuagiza. Safari hii tukaifungulia kwenye ile mashine ya pembeni. Ikafunguka.

Nikamwandikia yule mama Ujerumani awaombe rafiki zake wajaribu tena. Ilichukua muda, na muda huo nilikuwa gizani bado, msidhani niliruka kwa furaha. Nilipika nta nikiwa natazama godoro la Nakiete. Lakini kabla ya Pasaka Method alikuja nyumbani mwenyewe, anahema, maana duka moja lilikuwa limeagiza. Duka moja tu. Nalo likaagiza tena, na tena. Baba mkubwa alipokuja alimkuta Huruma darasani. Alikaa sebuleni, akatazama ukuta, akasema, "Hii ya shemeji sikuwahi kuiona." Akaondoka peke yake. Haleluya!

Nakiete alirudi mwaka uliofuata, baba mkubwa alipojiridhisha. Nimeulizwa mara nyingi kama siku ile nilifurahi. Ndugu zangu, mtoto alisimama mlangoni na furushi lake, amerefuka, akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo shangazi." Alikuwa amenisahau. Mwaka ule Bwana hakunirudishia, na sijui kwa nini. Ninapowaambia kwamba ameniokoa, siwaambii kwamba hakuna kilichopotea.

Sikumweleza mimi ni nani. Nilisogea tu mlangoni nikampisha. Akapita kwenye sebule isiyo na kitambaa hata kimoja, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ile batiki ya bluu, akaishika ncha yake, akaiweka usoni kama alivyokuwa akiiweka kanga. Kisha akageuka.

"Dada," akasema, "nina njaa."

Mwanangu alikuwa na njaa, na alinitajia! Nilimshukuru Mungu kwa neno hilo nikiwa nimeshika mwiko, na namshukuru leo mbele yenu. Na wewe hapo mlangoni, kama umekuja umejipamba ili Bwana asikione kilicho chini, usiondoke bado. Toa kimoja. Kisha toa kingine. Mtumaini yeye. Sisi wengine tuko hapa, tutakaa na wewe mpaka ifunguke.