Mafaili ya Saa Nane Usiku

Kijiwe chetu cha Hamugembe kina benchi moja tu, ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali ya saruji mbele ya chumba ninachofanyia kazi ya kuchapa na kutoa kopi. Mwisho wa kushoto hukaa mzee Rwekaza, mwalimu mstaafu, anayeitwa Spika kwa sababu mjadala hauanzi kabla hajauruhusu. Anayemfuatia ni Joackim, fundi wa madishi ya televisheni, na yeye jina lake ni Satelaiti. Mastura ana stuli yake karibu na jiko la mkaa, pamoja na birika, vikombe na kisosi cha akamwani, zile punje za kahawa za kutafuna. Mimi hukaa kizingitini. Naitwa Judica, lakini hapo wananiita Sina-Uhakika, na sijawahi kupata hoja ya kulikataa jina hilo. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yamekatika, migomba ya jirani bado inadondosha maji, na mwisho wa kulia wa benchi alikaa mama mmoja aliyefika na gari la kwanza kutoka Muleba. Alikuwa na laptop mapajani, ameizungushia kitenge.

Spika: Ma Annastella, waitu, tafadhali, sema tena polepole. Satelaiti alikuwa anatafuna, hakusikia.

Satelaiti: Nimesikia. Nilikuwa nasikia huku natafuna.

Ma Annastella: Hii ni ya marehemu mume wangu, Ta Rugaibula. Alikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa. Siku za kazi alikaa kwenye chumba cha kupanga, hapa mjini, Bilele. Ijumaa anarudi nyumbani. Mnamkumbuka.

Mastura: Tunamkumbuka. Kahawa bila sukari, halafu anaomba sukari.

Ma Annastella: Huyohuyo. Sasa baada ya mazishi, Mwesiga, mtoto wa shemeji yangu, aliifungua hii mashine. Akaniambia, mama mdogo, mzee alikuwa anafanya kazi saa nane usiku. Saa tisa usiku. Kila faili aliloliangalia. Na mimi miaka yote najua mtu wangu amelala! Na presha ile aliyokuwa nayo.

Alikunja pindo la kitenge, akalikunjua.

Ma Annastella: Mwaka juzi aliniomba nihamie Bilele, nikae naye. Nikamwambia, migomba nimwachie nani? Basi hakurudia tena. Nataka kujua alianza lini kukesha. Kama ni baada ya siku ile, nijue. Siwezi kuendelea kujiuliza.

Mastura alimmiminia kikombe bila kuulizwa, na Spika, ambaye kwa kawaida huwa na neno la ufunguzi, alinitazama mimi. Napenda sana kuwa sahihi, na siku zote naogopa kwamba usahihi wangu utamwangukia mtu.

Niliuvuta waya wa umeme kutoka ndani, nikaiwasha ile laptop. Ilikuwa Mac nyeupe ya zamani, zawadi ya marafiki wa usharika kutoka Ujerumani, na haikuwahi kuunganishwa na intaneti. Saa ya kwenye kona ya kioo ilidai kwamba bado ni usiku wa manane. Nikaipuuza. Mashine ikikaa kabatini muda mrefu, saa yake hupotea.

Mimi: Mama, kila faili linabeba tarehe na saa ya mara ya mwisho mtu alipolibadilisha na kulihifadhi. Hilo tu. Halisemi mengine.

Ma Annastella: Hilo linanitosha.

Niliandika amri ya kawaida, ls -l, orodha ikashuka.

Spika: Inasemaje?

Mimi: Inataja siku na mwaka. Saa haitaji.

Satelaiti: Mbona Mwesiga aliziona saa?

Mimi: Aliangalia mapema, tena labda yale ya karibuni tu. Amri hii, faili likishapita miezi kama sita, inaacha kusema saa. Inabaki kusema mwaka.

Satelaiti: Kumbe hata mashine ina siku zake za matanga. Zikiisha, inatandua.

Mastura: Wee Satelaiti!

Ma Annastella: Mwache, hajakosea.

Satelaiti: Si uyaweke kwenye flashi, uhamishie kwenye laptop yako wewe?

Mimi: Nikinakili vibaya yatapata tarehe ya leo. Yote yatasema yameandikwa leo, hapa Hamugembe, na wewe ukiwa shahidi.

Satelaiti: Basi usiyaguse.

Nilikuwa na skripti yangu ndogo, mistari michache ya maagizo niliyoitunga kwenye laptop yangu inayotumia Linux. Kazi yake ni kupita faili moja baada ya jingine na kuonyesha tarehe kamili. Niliiandika upya kwenye ile Mac, herufi kwa herufi, nikabonyeza. Ikakataa. Amri ya stat, ile inayosoma tarehe za faili, ilisema haiijui alama ya -c niliyoipa.

Spika: Imegoma?

Mimi: Jina la amri ni lilelile, tabia ni mbili. Kwangu unaipa -c. Huku inataka -f.

Spika: Hiyo ni kama salamu tu. Unamsalimia mgeni kwa Kihaya, anakutazama. Unarudi kwa Kiswahili. Humpigi kibao.

Mimi: Ndivyo hasa inavyotakiwa kuandikwa, mwalimu. Jaribu ya kwanza. Ikikataliwa, jaribu ya pili. Zote zikikataliwa, naita perl, ni lugha ya zamani, naikuta karibu kwenye kila mashine ninayoletewa. Hapo skripti moja inafanya kazi kwangu na kwake.

Spika: Andika. Salimia tena.

Niliandika. Ma Annastella alikuwa ananitazama vidole, nikakosea nukta mbili mahali ambapo sijawahi kukosea. Kisha orodha ikatoka, ya zamani juu, ya karibuni chini, kila faili na saa yake. Nikasoma ya juu kabisa, ya miaka mitano nyuma. Saa nane usiku. Iliyofuata, saa tisa usiku. Iliyofuata, saa kumi na dakika kadhaa, alfajiri.

Ma Annastella: Kwa hiyo ilianza lini?

Mimi: Tangu faili la kwanza, mama. Muda mrefu kabla hajakuomba uhamie.

Nilitegemea neno hilo limtue mzigo. Halikumtua.

Ma Annastella: Miaka mitano. Na mimi nakoroma Muleba.

Ndipo kijiwe kikaanza kufanya kile ambacho nakipendea. Hawakujua lolote kuhusu mashine, lakini walimwona mtu anazama, kila mmoja akarusha alichokuwa nacho.

Satelaiti: Ngoja kwanza. Hii imetoka Ujerumani, si ndiyo? Basi bado inahesabu saa za Ujerumani! Sisi jua limetoka, wao bado wamelala.

Mimi: Tofauti yetu na wao ni saa moja au mbili. Ukiongeza mbili kwenye saa nane usiku, unapata saa kumi. Bado ni usiku.

Satelaiti: Ujerumani ya mbali zaidi?

Spika: Kaa chini. Mimi naona hivi. Marehemu aliandika mchana, akaacha mashine imewaka, akalala zake. Usiku mashine ikabaki inasevu yenyewe, taratibu. Kuku hatagi ukiwa unamtazama.

Mimi: Haya ni mafaili ya kuandika tu, mwalimu. Hayajisevu usiku kucha.

Mastura: Kwani yule Mjerumani aliyeitoa hakubaki na ufunguo? Mimi nikimpa mtu kabati langu, ufunguo mmoja nabaki nao. Labda alikuwa anaingia usiku akitokea kulekule, anasoma habari za kahawa.

Satelaiti: Mastura ameweka hoja. Anasoma, anasahihisha nukta, anaondoka.

Spika: Mihutasari ya Kihaya na Kiswahili? Mjerumani?

Mastura: Amejifunza. Usiku ni mrefu.

Ma Annastella alitabasamu kwa sababu walikuwa wanajitahidi, si kwa sababu alisadiki. Alisimama, akaanza kukikunjua kile kitenge ili aifunge tena mashine. Kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: katika orodha nzima karibu hapakuwa na faili la mchana. Binadamu anaweza kukesha. Lakini nani hukesha miaka mitano bila kugusa kazi yake mchana hata mara chache?

Pikipiki ikasimama. Alikuwa Kahigi, bodaboda wa Bilele, ambaye Ma Annastella alikuwa amemwomba amrudishe stendi. Alisalimia wote, akainama kuchungulia kioo kilichokuwa wazi.

Kahigi: Mae, mama, twende. Saa nne na robo tayari, na gari lako linatoka saa nne na nusu.

Satelaiti: Umeitoa wapi saa?

Kahigi: Si hiyo hapo kwenye kona? Nne na robo.

Satelaiti: Achana na hiyo, imeharibika. Hiyo maana yake ni saa kumi na robo alfajiri.

Kahigi: Imeharibikaje? Imeandika nne na robo. Na sasa hivi kwani ni saa ngapi?

Spika alikunja mkono wa koti akatazama saa yake. Mastura alitazama simu. Mimi sikuhitaji kutazama chochote, kwa sababu masikio yalikuwa yameshaanza kuniwaka moto.

Ilikuwa saa nne na robo.

Kompyuta ikiandika mbili ya alfajiri, sisi tuliosoma tunaongeza sita bila kufikiri, tunasema saa nane usiku. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo alivyofundishwa Mwesiga. Ta Rugaibula hakuongeza kitu. Siku alipoipokea mashine yake, asubuhi saa mbili, aliiambia kwamba ni saa mbili. Toka siku hiyo siku mpya ya mashine ile ilianza kulipokucha, na haikuwepo intaneti ya kuibishia.

Mimi: Mama, subiri. Tafadhali. Saa ya leo hainithibitishii saa ya zamani. Ngoja nitafute.

Nilifungua muhtasari mmoja wa kikao cha kikundi, bila kuhifadhi chochote. Mstari wa kwanza ulisema kikao kilifunguliwa kwa sala saa tatu kamili asubuhi. Mstari wa mwisho ulisema kilifungwa saa tano kasorobo. Faili lenyewe lilikuwa limehifadhiwa, kwa saa ya mashine, saa tano kasoro dakika tano.

Spika: Alikuwa anaandika wakiwa hapohapo wanaongea.

Mimi: Ndiyo. Hakuna kikundi kinachofungua kikao kwa sala saa tisa usiku.

Ma Annastella: Niambie kwa maneno ya mtu wa kawaida.

Mimi: Saa nane usiku ya Mwesiga ni saa mbili asubuhi ya mzee. Saa tisa ni saa tatu. Alikuwa anafanya kazi asubuhi.

Ma Annastella: Asubuhi. Ndiyo, mchana alikuwa anazunguka vijijini, kwa wakulima. Asubuhi ndiyo alikuwa anaandika.

Alikaa tena. Alikiweka kitenge usoni, mabega yakatikisika kidogo, na Kahigi, ambaye hakujua amefanya nini, alizima pikipiki.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimeanza kuipitia orodha upya kwa hesabu mpya, na macho yangu yakasimama. Lilikuwepo faili moja ambalo mwanzoni lilionekana la saa kumi na mbili jioni na dakika arobaini, saa ya heshima kabisa. Sasa lilikuwa la saa sita na dakika arobaini usiku. Mafaili yote yametoka usiku, hili moja limeingia. Niliisogeza mashine kidogo upande wangu. Ma Annastella akaniona.

Ma Annastella: Kuna nini?

Mimi: Sina uhakika.

Ma Annastella: Binti, usinifiche. Nimetoka Muleba kwa ajili ya hili.

Mimi: Lipo moja la usiku kweli. Limepita saa sita. Linaitwa hotuba ya sendofu.

Ma Annastella akaanza kucheka, kwanza bila sauti, halafu mpaka akaweka kikombe chini.

Ma Annastella: Sendofu ya Kokwijuka! Mwanetu. Alinipigia simu usiku ule, anisomee hotuba ya baba wa bibi harusi. Nimeshinda migombani, nimechoka, simu iko sikioni, anasoma, anasoma. Nikapitiwa. Asubuhi ananipigia tena, ananiambia, mke wangu, ulipoanza kukoroma nikajua hotuba ni ndefu. Nimekata nusu!

Satelaiti: Kwa hiyo hiyo saa sita na dakika arobaini…

Ma Annastella: Ndiyo nilipokoroma.

Spika: Ni saa halali. Iandikwe.

Mastura: Na hotuba ilikuwaje?

Ma Annastella: Fupi. Watu walipiga makofi, wakwe walifurahi. Akaniambia, ni wewe umeiandika.

Nilimfungulia faili, alisome kidogo kabla ya safari. Niliiweka mikono yangu mbali na kibodi ili nisije nikalihifadhi kwa bahati mbaya, likachukua saa ya leo. Alisoma midomo ikitembea, akafika mwisho haraka, akarudi juu. Kahigi aliinama naye, anasoma juu ya bega lake.

Kahigi: Na ile nusu aliyoikata, ilikuwa inasemaje?

Wote wakanigeukia. Nilitazama ile orodha nadhifu niliyojivunia, skripti inayozungumza na mashine zote mbili. Inajua alibadilisha lini. Hajawahi mtu kuifundisha alichokibadilisha.

Mimi: Mashine haijui.

Spika: Basi hakuna anayejua?

Ma Annastella: Kuna mtu mmoja tu aliyesomewa yote, mwanzo mpaka mwisho.

Alifunga laptop taratibu, akaizungushia kitenge, akasimama.

Ma Annastella: Na huyo alikuwa amelala.