Fundi Randa Anarudi Kukaza Bawaba za Kwake

Fundi Randa, seremala wa kambi yetu ya wajenzi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na sita kazini. Msimamizi ameniomba niandike kwa kuwa nimelala naye chumba kimoja miaka tisa. Shule sikumaliza, mnivumilie.

Alikuja kijana, randa yake ikiwa ndani ya gunia. Vitanda tunavyolalia ni kazi ya mkono wake, na meza tunazolia pia. Hajawahi kumpa mtu kiti kinachoyumba. Ukimsifu, atakwambia usifu mti, yeye ameupunguzia ubishi tu.

Miaka minne iliyopita alitokwa na kidonda kwenye uume. Nasema wazi kwa sababu mwenyewe ametaka niseme wazi. Alikificha miezi mingi, akikipaka dawa ya mgongo, akiogopa tutasema ametembea ovyo. Na kweli tungesema. Alipokwenda hospitali akaambiwa ni kansa. Walimkata sehemu, wakamwachia uhai. Sisi aliturudia na habari kwamba amepasuliwa ngiri.

Hakuweza tena kusimama na wenzake kwenye mfereji wa kukojolea. Ilibidi achuchumae, na choo chetu kilikuwa na pazia la gunia tu. Jumapili moja akakitengenezea mlango, na komeo la ndani. Tukamtania kwamba bwana mkubwa kajijengea ofisi, sasa tuombe miadi. Alicheka nasi wiki nzima. Kisha siku moja wakati wa chai akaweka kikombe chini, akatueleza yote, akamaliza kwa kusema mwenye kidonda au uvimbe huko chini aende kesho, aibu haijawahi kumponya mtu. Utani uliishia hapo. Wawili walikwenda. Mmoja alipewa vidonge, mwenzake alikutwa na kansa ya korodani ikiwa bado changa. Huyo leo anabeba saruji kama sisi, na domo lake halijapungua.

Aliyemshinda kumwambia ni mkewe. Likizo mbili alibaki kambini, akisingizia kazi zimezidi. Jioni alikaa akitazama barabara ya stendi, akinoa randa ambayo tayari ilikuwa kali. Sikumuuliza. Sote hapa tuna barabara tunayoitazama.

Mwisho mama watoto akapiga simu: kama umeoa huko niambie nijue, kama unaumwa rudi nikuuguze. Akamwambia. Mama akauliza kama anakula vizuri. Halafu akasema mlango wa chumba chao umelegea bawaba tangu mwaka juzi, na kila fundi aliyekuja amemrudisha, maana una mwenyewe. Fundi amenihadithia simu hiyo mara nyingi, na kila mara huishia hapo kwenye bawaba. Likizo iliyofuata alitaka kwenda, akafungasha, akafungua mzigo. Safari hii mzigo hajaufungua. Uko mlangoni tangu Jumatatu, randa juu yake.

Fundi, asante kwa vitanda, na kwa ile siku ya chai. Mlango wa choo tutaupaka rangi usioze. Sisi wengine milango yetu bado iko mbali, tusalimie ya kwako. Nenda salama, uzeeke kwa amani pamoja na mama. Ukifika usipumzike kwanza. Anza na bawaba.