Nyundo Yangu Ilibaki Bomani

Mchungaji amenipa dakika kumi, na ameniomba nisiongee vibaya juu ya chuo. Dakika kumi nitajaribu. Hiyo ingine siahidi.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule msichana wa mama wa vitunguu hapo sokoni, yule anayesemekana anasomea nyota. Mmoja wenu, na siangalii upande wa kwaya, aliwahi kunipa tarehe yake ya kuzaliwa nimwambie kama ataolewa. Ndugu zangu, nawaambia kwa mara ya mwisho: digrii yangu ni ya sayansi ya dunia na anga. Nusu yake ni mawe, udongo na maji yaliyo chini ya ardhi. Nusu ingine ni ya huko juu, na hata huko juu kazi yetu kubwa ilikuwa kusoma picha ambazo satelaiti zinapiga hii dunia. Harusi hazionekani.

Niliipenda hiyo kozi. Naanza na hilo kwa sababu nilipokwama, watu walinifariji kwa kuniambia kwamba hata haikuwa kozi ya maana, afadhali niende nikasomee unesi. Hiyo faraja iliniuma kuliko shida yenyewe.

Sasa, mwaka wa mwisho kila mwanafunzi hupewa sehemu ya kuchora ramani ya mawe. Unatembea na nyundo, unavunja jiwe uone ndani, unaandika ni jiwe gani, unasonga mbele. Bila hiyo ramani hakuna digrii. Wenzangu walipelekwa pamoja upande wa Magadi na basi la chuo. Mimi mwalimu aliangalia jina langu, akasema kwenu ni Kajiado, wewe utaenda nyumbani. Akanipa mahali mbali kidogo na Kajiado mjini, ambako sina shangazi wala mbuzi. Nimezaliwa hapa Kitengela kwa nyumba ya kupanga. Jina ni la Kimaasai, lakini Kimaa changu, hiyo lugha yenyewe, ni cha kusalimia na kuomba chai.

Nikaenda. Sikuwa nimefika mbali wakati mzee wa boma moja alikuja na vijana wake, akauliza nimetumwa na nani. Nikasema chuo. Hapo ndipo mambo yaliharibika, kwa sababu kuna mwingine aliyewahi kuja na vyombo kama vyangu, akasema vilevile kwamba ametoka chuo, na baadaye ua ukawekwa mahali ng'ombe wao walikuwa wakinywa maji. Hiyo habari sikuijua. Nilichojua ni kwamba mzee amechukua nyundo, mkoba wangu wa mawe umemwagwa chini, na ninasindikizwa hadi barabarani kama mwizi wa kuku. Nikarudi siku ingine na mtu wa ofisi ya chifu. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu yule wa kwanza pia alikuja na mtu wa ofisi.

Nilimwendea mwalimu nikamweleza. Alinijibu akiwa anaangalia simu yake, "Mawe hayana siasa." Nikamwomba anibadilishie mahali. Akasema mtoto wa nyumbani hawezi kukosa njia, huo ni uvivu tu. Mchungaji, unaweza kunikata hapo, lakini ni ukweli.

Na mjue kitu kilichonichoma zaidi. Kwa picha ya satelaiti nililiona lile boma vizuri sana. Niliona zizi, niliona njia ya mbuzi ikipanda kilima, niliona mahali rangi ya ardhi inabadilika kutoka nyeusi kuwa nyeupe. Lakini alama haziji kwa kuangalia picha, lazima ukanyage. Nilikuwa nimesomea kuona dunia kutoka angani, na sikuweza kufika kwa mlango wa mzee mmoja.

Wakati wa kuleta ramani ukapita. Wenzangu wakavaa gauni, na mimi nikawaangalia kwa simu nikiwa nimekalia gunia la vitunguu kutoka Kimana. Ule ubao wangu wa kuchorea, mama aliuliza kama bado nauhitaji. Nikamsukumia, akaupangia nyanya. Hapa kanisani niliacha kuja. Mlipiga simu, sikushika. Nilikuwa nimechoka na mwalimu, na mzee, na nyinyi, na mimi mwenyewe. Kuna asubuhi niliamka nikiwa tayari nalia, sijui hata naanzia wapi. Mama alikuwa ananiwekea chai kando ya kitanda na kutoka bila kusema kitu, na mnamjua mama, kunyamaza si kazi yake.

Halafu siku moja mama fulani akaja kununua vitunguu vya kwenda kuuza kwao. Akanitazama sana. Akasema, "Si wewe ulikuja kwetu na nyundo?"

Alikuwa mke wa yule mzee. Ndugu zangu, nilikuwa na maneno mdomoni ambayo hayafai mbele ya hii madhabahu. Mama yangu akayaona yakija, akawahi kumvutia mgeni kiti na kumpa chai. Yule mama akanywa polepole, kisha akaniuliza, "Lakini mtoto wangu, ulikuwa unataka nini na mawe?"

Nilikuwa nafikiria kwamba kati ya chuo, ofisi na boma, huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hilo swali. Nikamweleza yote, kwa hasira, huku napima vitunguu vya watu wengine. Naye akanieleza juu ya ule ua. Alipomaliza, hasira yangu ilikuwa bado iko, lakini haikuwa tena juu ya mzee.

Alienda akaongea na mume wake, na baada ya muda nikaletewa masharti. Nyundo ibaki. Simu isitoke mfukoni. Nitatembea na akina mama wakienda kuteka maji, si peke yangu. Na ramani ikiisha, itapita kwa boma kabla ya kufika chuoni.

Nilichukua ubao kutoka chini ya nyanya nikaenda. Kwa sababu sikuwa na nyundo, nilikwaruza mawe na kisu cha jikoni nikatia siki, maana jiwe jeupe la huko likikwaruzwa na kutiwa siki linatoa povu kidogo. Wale akina mama walicheka hadi wakaweka mitungi chini. Walisema chuo kinanifundisha kutengenezea mawe kachumbari. Nilicheka pia, na nikagundua sijacheka tangu mwaka uliopita.

Ramani ilipoisha nikaitandaza mbele ya mzee. Akaweka kidole juu ya laini ndefu.

"Hii ni mpaka wa nani?"

"Si wa mtu, mzee. Ni mahali jiwe jeusi linakutana na jeupe."

"Na shamba langu linaishia wapi?"

"Hapa haionekani. Jiwe limepita chini yako, likapita chini ya jirani, na chini ya ule ua."

Akaitazama sana. "Kwa hivyo hapa ardhi haijakatwa vipande," akasema.

"Haijakatwa, mzee."

Akatuma nyundo iletwe. Walikuwa wameitumia kupigilia vigingi vya zizi hadi mpini ukavunjika, na alikuwa amechonga mwingine.

Msifikirie mambo yalinyooka. Chuo kiliipokea ramani pamoja na za darasa lililofuata, lakini mwalimu alinikata alama kwa sababu mawe hayakuvunjwa. Nimepita, gauni nitavaa mwaka huu, na kazi sina. Nauza vitunguu. Lakini naamka, na silii.

Nashukuru yule mama, na mzee wake. Nashukuru mama yangu kwa chai na kwa kunyamaza. Nashukuru hata nyinyi, mlioomba. Ombi langu ni moja: mkikuta mtoto wa mtu amekwama, kabla hamjamwekea mikono na kumtafutia kozi ingine, muulizeni anataka nini, halafu mngojee jibu.

Nyundo yenyewe ndiyo hii, niko nayo kwa mkoba. Wazee wa kanisa wameniambia Jumamosi tunaenda kwa lile shamba letu jipya, niwaonyeshe mahali pa kuchimba kisima. Nitakuja. Lakini nimesikia tayari mmeweka ua. Kwa hivyo kabla sijagusa jiwe hata moja, nitaenda kwa boma la jirani, niketi, niulize ng'ombe wao walikuwa wanapita wapi. Mtaningojea kwa gari.